Antena Haivuti

Muulize muuza duka yeyote wa vifaa vya umeme pale Kariakoo kuhusu antena, na jibu lake litazunguka neno moja: kuvuta. Hii inavuta kidogo, ile inavuta sana, na ile ndefu iliyoning'inizwa darini inavuta mpaka nje ya mkoa. Mafundi tunasema hivyohivyo. Nami nililitumia neno hilo kwa miaka mingi ya kazi kwa sababu nilikua nalo, na neno likishazoeleka halihojiwi tena.

Antena haivuti kitu. Mawimbi ya televisheni hutoka mnarani usiku na mchana, hupita juu ya paa lako, juu ya mwembe wa jirani, juu ya soko na msikiti, awepo wa kuyapokea au asiwepo. Antena ni vijiti vya alumini vilivyosimamishwa njiani mwake. Wimbi likikigonga kijiti ambacho urefu wake unalingana nalo, umeme mdogo mno huamka ndani ya kijiti hicho, ukateremka kwa waya hadi sebuleni. Mahali ambapo wimbi halipiti, antena ya bei ya ng'ombe haitaona kitu. Mahali linapopita kwa nguvu, hata kipande cha waya kinatosha.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha mfukoni, jiulize: hapa nyumbani kwangu mawimbi yanapita wapi, na nitaisimamisha wapi antena ili yaikute? Mtu akiyajibu hayo vizuri, dukani atamaliza kwa dakika tano.

Mimi nilifundishwa jambo hilo na mtu ambaye hakuwa fundi. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa nacho tangu 1973, tena cha rangi, cha kwanza cha aina hiyo kusini mwa Sahara. Wakazi wachache wa Dar es Salaam waliokuwa na seti nyumbani walizielekeza antena zao kaskazini, Unguja, wakaokota picha iliyosafiri kilomita 70 hivi, nyingi zikiwa juu ya maji. Baba yangu mdogo, pale Magomeni, alikuwa mmoja wao. Antena yake ilikaa juu ya boriti mbili za mkoko zilizofungwa pamoja kwa waya, na boriti hizo zilipita paa letu kwa kimo cha watu wawili.

Jioni kazi iligawanywa. Yeye alipanda juu, mimi nikasimama mlangoni, bibi akakaa mbele ya seti.

"Vipi huko?"

"Bibi, baba anauliza vipi?"

"Mwambie chenga tupu."

"Chenga, baba!"

Boriti ikazunguka kidogo.

"Sasa?"

"Watu wanaonekana, ila kila mmoja ana kivuli chake pembeni," bibi akasema, nami nikalipeleka neno lake juu ya paa kama lilivyo. Kisha ghafla bibi akapiga kelele mwenyewe: "Hapo hapo! Asiguse!" Baba mdogo akaachia boriti ashuke, na picha ikaondoka. Ikambidi arudi. Ilituchukua muda kuelewa kwamba mwili wake, uliosimama karibu na vijiti, ulikuwa sehemu ya antena. Tangu siku hiyo akawa anazungusha boriti akiwa chini, kwa mti mrefu uliofungwa mtambuka.

Kivuli alichokiona bibi kilikuwa wimbi lilelile lililofika mara mbili: mara ya kwanza moja kwa moja, mara ya pili limechelewa kidogo baada ya kugonga ghorofa au bati la mtu. Na ziko jioni, hasa za joto na utulivu, ambapo picha ya Unguja ilikuja safi kana kwamba mnara uko Kinondoni. Hewa ya moto ikitanda juu ya hewa yenye unyevu iliyokaa karibu na bahari, mawimbi huinama na kufuata mgongo wa maji badala ya kupotelea angani. Baba mdogo hakuyajua hayo kwa maelezo. Alijua tu kwamba bahari ni rafiki, na kwamba urefu wa boriti ni bora kuliko idadi ya vijiti.

Kuhusu urefu alikuwa sahihi kabisa. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kama nuru, yaani hunyooka. Dunia nayo ni mviringo, kwa hiyo ukienda mbali vya kutosha mnara unazama nyuma ya upeo wa macho, kama jahazi linavyozama na tanga likawa la mwisho kuonekana. Aliyesimama ufukweni hulipoteza mapema. Aliyepanda mnazi bado analiona. Watu wa redio wana hesabu fupi ya jambo hilo: chukua kimo cha mnara kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Fanya vivyo hivyo kwa antena yako, kisha jumlisha. Mnara wa mita 100 unakupa kilomita 41. Antena iliyo mita 4 kutoka ardhini inaongeza kilomita 8. Ukiipandisha hadi mita 9 inaongeza 12, na kwa mita 16 inaongeza 16 na nusu.

Kilomita nne za nyongeza zinaweza kuonekana chache. Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba ardhi ni tambarare kama bahari, na mitaa yetu sivyo ilivyo. Mita tano za bomba zinaivusha antena juu ya bati la jirani, juu ya tangi lake la maji, juu ya ukuta wa gorofa linalojengwa, na juu ya majani ya mwembe. Hapo ndipo faida kubwa inapopatikana. Nimeingia nyumba nyingi ambako mwenyewe amebadilisha antena mara tatu, kila mara ya bei zaidi, na zote tatu zilifungwa kwenye msumari uleule chini ya ukingo wa paa.

Antena tuliyoizoea, ile ya mti mmoja wenye vijiti vilivyopangwa kama mfupa wa samaki, ilizaliwa Japani. Shintaro Uda, msaidizi wa profesa Hidetsugu Yagi katika chuo kikuu cha Tohoku mjini Sendai, aliieleza mwaka 1926. Mwaka 1928 Yagi aliiandikia makala kwa Kiingereza, dunia ikaijua kwa jina lake, na jina la Uda likabaki nyuma ingawa sehemu kubwa ya kazi ilikuwa yake. Nyumbani kwao haikupewa uzito. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Singapore, walikuta maandishi ya askari wa Uingereza kuhusu mtambo wa rada, na ndani yake neno "yagi" likawashinda. Ilibidi mateka awaeleze kwamba ni jina la Mjapani mwenzao. Kila ninapomfundisha kijana kufunga antena humtajia majina yote mawili, na Uda huanza.

Itazame kwa makini ukiwa nayo mkononi. Nyuma kuna kijiti kirefu kuliko vyote, au wavu, ambao hurudisha mbele mawimbi yanayotaka kupita. Kinafuata kijiti kinachounganishwa na waya, mara nyingi kimekunjwa kama kiungo cha mnyororo kilichobonyezwa. Hicho ndicho moyo. Vilivyobaki mbele yake ni vifupi zaidi, havijaunganishwa na kitu chochote, na kazi yake ni kuyaongoza mawimbi kuelekea moyo. Upande wa vijiti vifupi ndio uso wa antena, na uso ndio unaotazama mnara. Nalisema wazi kwa sababu nimezikuta nyingi zimefungwa kinyume. Mtu huona wavu mpana akadhani ni sinia la kudakia, akauelekeza mnarani, na antena ikawa imeupa mnara kisogo.

Vijiti vingi zaidi huifanya antena isikie mbali zaidi mbele yake, lakini pia huifanya isione pembeni. Ni kama kutazama ndani ya bomba. Ikiwa minara yako yote iko upande mmoja na mbali, chukua ndefu. Ikiwa uko mjini, na vituo vinatoka pande mbili tofauti, antena fupi ya vijiti vichache au ile bapa yenye maumbo ya vipepeo juu ya wavu itakuhudumia vizuri zaidi. Kwa anayeishi karibu na mnara kabisa, nashauri ajaribu kwanza bila kununua kitu: chukua mita chache za waya wa antena, upande mmoja chuna ganda la nje na nyuzi za kuzunguka kwa sentimita 13, acha waya wa katikati umesimama wazi, uchomeke upande wa pili kwenye king'amuzi, uning'inize dirishani. Ukipata picha kwa hicho kipande, umejua kwamba hapo kwako tatizo la umbali halipo.

Kisha jambo linalosahaulika kuliko yote: je, vijiti vilale au visimame? Mnara hutuma mawimbi yakiwa yamelala au yamesimama, na antena lazima ifuate. Ukikosea hapo unaweza kubaki na sehemu moja tu kati ya mia ya nguvu iliyokuwepo. Angalia mapaa ya majirani. Usitazame moja, kwa sababu jirani naye anaweza kuwa amekosea; tazama manne au matano, na wengi wakielekea upande mmoja na kulaza vijiti kwa namna moja, anza na wao. Dira ya simu itakusaidia kuukumbuka mwelekeo ukiwa juu.

Enzi za bibi kukaa mbele ya seti zilikwisha kwa namna ambayo watu wengi hawakuelezwa. Nchi nyingi za dunia zilikubaliana mjini Geneva mwaka 2006 kuhamia matangazo ya dijitali, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho. Tanzania ilianza mapema: usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata. Kenya ilikuwa na mvutano mkali juu ya nani asambaze mawimbi ya dijitali, na Februari 2015 NTV, Citizen na KTN zilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu hadi wenyewe walipokuja na mtandao wao wa kusambaza. Jambo hilo linamhusu anayefunga antena. Siku hizi kituo kimoja hakina mnara wake. Chaneli nyingi hufungwa pamoja kama mzigo mmoja na kurushwa na msambazaji, na wasambazaji ni zaidi ya mmoja. Ukiona unapata chaneli kumi safi na nyingine sita hazipo kabisa, zile sita kwa kawaida zimo katika mzigo mwingine, pengine juu ya mnara mwingine. Antena yako ni nzima. Inatazama upande mmoja tu.

Agosti 2018 Watanzania wengi waliokuwa wameyaacha mapaa waliyarudia. Chaneli za bure za nyumbani ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya madishi ambavyo leseni zake hazikuruhusu kuzibeba, na familia iliyozoea kuona taarifa ya habari kupitia dishi ikajikuta na filamu za nje pekee. Antena zilizokuwa zimetupwa nyuma ya mabanda zikatafutwa. Nilifanya kazi nyingi mwezi ule kuliko mwezi wowote mwingine, na nikajifunza kwamba wengi walikuwa wakizifunga kwa mazoea ya analojia.

Analojia ilikuwa na huruma. Mawimbi yakipungua, chenga ziliongezeka kidogokidogo, na bado ulimwona mchezaji na kuusikia mpira ukitangazwa. Dijitali haipungui hivyo. Inakupa picha kamili hadi kwenye ukingo, kisha inaanza kuganda, sura zinakatika vipande vya mraba, sauti inakwaruza, halafu kioo kinakuwa cheusi. Kwa hiyo picha nzuri ya leo haikuambii kama uko mita moja au kilomita moja kutoka kwenye ukingo huo. Kinachokuambia ni ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Fuata ubora. Nguvu inaweza kuwa asilimia 90 huku ubora ukiwa 20, na kioo kisionyeshe kitu, kwa sababu king'amuzi kinapokea kelele nyingi pamoja na mawimbi.

Tena king'amuzi hakikujibu papo hapo. Chenga zilimjibu baba mdogo kabla hajamaliza kuzungusha. Leo ukizungusha harakaharaka utaupita mwelekeo sahihi mara tatu bila kujua umeupita. Zungusha kiasi cha upana wa vidole viwili, ondoa mkono, sogea pembeni, hesabu hadi kumi, ndipo uulize. Aliye chini asome namba za ubora kwa simu, zisiwe habari za "nzuri" na "mbaya". Ukifika juu kabisa ya ubora endelea kupita mpaka uone umeanza kushuka, kisha rudi katikati. Ukishafunga nati, fanya utafutaji wa chaneli upya. Mizigo ambayo haikuwepo ulipotafuta mara ya kwanza haitajitokeza yenyewe.

Miaka miwili iliyopita mama mkwe wangu, anayeishi Mkuranga, alinipigia. "Baba, picha zinaganda kila saa mbili usiku. Fundi amekuja mara mbili, na kila akija ananiuzia kitu kipya." Nikaenda Jumapili. Antena ilikuwa ndefu na nzuri, ya vijiti zaidi ya ishirini. Ilifungwa kwenye ukingo wa paa upande wa kusini, uso wake ukitazama kaskazini kuelekea jijini, na kati yake na jiji kulikuwa na paa lote la bati na mwembe mkubwa kupita nyumba. Waya ulikuwa mrefu mno, na mita kumi na tano za ziada zilikuwa zimeviringwa juu ya kabati. Katikati ulikuwa umeungwa kwa kusokota na kufungwa tepu ya umeme. Nyuma ya televisheni kulikuwa na busta, taa yake nyekundu ikiwaka.

Alisita niliposema nitapanda. "Mkwe kupanda juu ya nyumba yangu si vizuri," akasema, akamwita mjukuu wake alete ngazi na apande yeye. Tukakubaliana kwamba kijana atapanda na mimi nitaelekeza. Antena ikabaki ileile. Tuliihamishia upande wa kaskazini wa nyumba, mbele ya mwembe, juu ya bomba la GI la inchi moja na nusu lenye urefu wa mita 6. Tukaukata waya mbovu na kuweka kipande kimoja kisicho na kiungo. Ubora ulikuwa 25. Ukawa 80. Nikachomoa busta, ubora ukabaki palepale.

"Kwa hiyo kile kiboksi nilikinunua bure?"

"Mama, kingekusaidia kama waya ungekuwa mrefu na kingekuwa juu pamoja na antena."

Hilo la busta linawapotezea watu fedha kila siku, kwa hiyo nalieleza kwa urefu. Busta hukuza kila kitu kinachoingia, mawimbi na kelele pamoja. Ikiwa kinachoingia kimeshachafuka, kitatoka kichafu na kikubwa. Faida yake ya kweli ni kufidia kinachopotea ndani ya waya mrefu au kwenye kigawanyio kinachopeleka picha vyumba viwili au vitatu. Ili ifidie lazima ikae karibu na antena, kabla hasara haijatokea, na umeme wake hupandishwa kwa waya uleule kutoka ndani. Ving'amuzi vingi vina sehemu katika menyu ya kuwasha volti 5 kwa ajili hiyo. Kama huna busta, iache sehemu hiyo imezimwa. Na kama unaishi karibu na mnara wa televisheni au wa simu, busta itakuharibia, kwa sababu italemewa. Masafa ya kuanzia 694 MHz kwenda juu, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, yametengwa kwa ajili ya simu. Antena yako haijui hilo, na inayaokota vilevile.

Waya, kwa upande wake, ndiyo sehemu ninayoomba usiihurumie fedha. Chukua RG6. Mita 30 za RG6 nzuri huacha kiasi cha theluthi moja ya nguvu ifike king'amuzini, nao waya mwembamba wa RG59 unaouzwa kwa bei nafuu huacha kama moja ya tano. Chagua wenye ganda jeusi kwa nje, kwani jeupe hupasuka upesi juani. Mtu akikuonyesha waya, mwombe auchune kidogo: nyuzi za kuzunguka ziwe nyingi na zimesukwa kwa kubanana, si nywele chache zilizotawanyika. Ukate kwa urefu unaohitajika. Pini za nje zifungwe kwa mpira usiopitisha maji, na kabla waya haujaingia ukutani uuache ushuke kidogo chini ya tundu halafu upande tena, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata hadi ndani ya televisheni. Maji yakishaingia ndani ya waya hayatoki. Waya huo ni wa kutupa.

Watu wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Hula nati za kawaida kwa mwaka mmoja au miwili, na pale shaba inapogusana na alumini hutengeneza unga mweupe unaokata mawasiliano. Nunua nati zisizoshika kutu, paka grisi, panda mara moja kwa mwaka uangalie. Adui mwingine ni kunguru, wale walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani nzima. Wanatua kwa makundi juu ya antena, wanaigeuza, wanakunja vijiti vyembamba, na wanachukua vipande vya waya kujengea viota. Usitupe mabaki ya waya juu ya paa, na kaza antena kwa vibano viwili badala ya kimoja.

Wakati wa masika wengi hulalamika kwamba mvua imeondoa picha. Kwa dishi ndivyo. Kwa antena mvua yenyewe haina madhara makubwa. Wenye makosa ni majani yaliyolowa. Mwembe au mnazi uliokuwa ukipitisha mawimbi ukiwa mkavu huyanywa ukilowa, na ukitikiswa na upepo huyakata na kuyaachia. Ikiwa picha inaganda kwa mpigo wa upepo, tazama mti uliopo mbele yako.

Anayekaa gorofani na hana paa aweke antena ya ndani kwenye dirisha linalotazama mnara, mbali na wavu wa chuma wa mbu, na asiifiche nyuma ya televisheni. Ndani ya nyumba ya bati iliyofungwa pande zote, antena ya ndani ni kupoteza fedha.

Kuhusu seti yenyewe, soma maandishi ya kwenye boksi: kwa Kenya na Tanzania tafuta DVB-T2. S2 pekee ni ya dishi. Ndugu akikuletea televisheni kutoka Marekani au Japani itakuwa na mfumo wa huko, na mbele ya mawimbi yetu ni kioo tu mpaka uichomekee king'amuzi. Na kwa Tanzania ulizia kwanza king'amuzi gani kinafungua chaneli za bure mahali ulipo, kabla hujachagua mnara wa kuutazama.

Sasa kuhusu kupanda. Bomba la chuma la mita 6 likiangukia waya za umeme, aliyelishika hapati nafasi ya kuliachia. Pima kwa macho: ikiwa bomba lingeanguka upande wowote, lingefika kwenye waya? Kama jibu ni ndiyo, hamisha mahali. Usipande peke yako, usipande bati likiwa na umande, wala usipande upepo ukivuma. Bomba refu lifungwe kamba tatu za waya zenye nafasi sawa kulizunguka. Mguuni pake funga waya mnene wa shaba uingie kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Anayeishi Mwanza, Bukoba, Kisii au Kakamega, ambako radi za Ziwa Victoria hazina mchezo, asiliruke hilo kwa sababu yoyote. Hata ukiwa na fimbo hiyo, ukisikia ngurumo chomoa waya wa antena kutoka kwenye king'amuzi, uuweke mbali na seti.

Limebaki moja. Madukani kuna antena zenye maandishi makubwa "ya dijitali", na bei yake imepanda kwa ajili ya maandishi hayo. Vijiti vya alumini havijui analojia wala dijitali. Vinajua urefu wa wimbi tu. Televisheni yetu ya leo inatumia zaidi masafa kati ya 470 na 694 MHz, na kwa masafa hayo kijiti cha moyo kinakuwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Kama antena ya zamani bado iko nyuma ya banda, usiitupe kabla hujaipima. Mwombe mtoto rula yake ya shule. Moyo ukizidi rula mara mbili na zaidi, hiyo ilikuwa ya masafa ya chini na haitakufaa. Ukiingia ndani ya rula, ifute kutu, ibadilishie waya, uipandishe.